Mwenyeji Wetu wa Mtaa Uliotulia

Nikisikia mtu akisifia mtaa kwamba umetulia, huwa nakasirika kabla hajamaliza kusema. Najua si haki. Mwenzangu anatafuta nyumba tu, ana watoto, anataka shule ya karibu na barabara isiyo na fujo, na mimi namkunjia uso kana kwamba amenitukania mama. Lakini niliishi miaka minne katika mtaa uliotulia, upande ule wa Crystal, nje kidogo ya Minneapolis, Marekani, na jina lake silitaji kwa sababu wenyewe bado wapo. Aliyenipeleka huko ndiye ninayetaka kumweleza. Tulimwita Mwenyeji, na jina lake pia nitaliacha alikoliacha.

Alikuwa Mkenya mwenzetu aliyefika Minnesota zamani, enzi ambazo, kwa maneno yake, ukimwona Mwafrika mwingine mjini ulivuka barabara kumsalimia hata kama humjui. Alifanya kazi ya kuchora mabomba ya majengo katika ofisi moja katikati ya Minneapolis. Alikuwa mtu mweusi wa kwanza kununua nyumba katika barabara ile, na hilo hakulisema kwa majivuno bali kwa sauti ya chini, kama mtu anayekueleza ugonjwa wake. Yeye na mkewe walikuwa wameachana, mwanawe alishahamia mji wa jirani wa Coon Rapids, kwa hiyo vyumba viwili vya chini ya nyumba, besmenti, alitupangisha wasichana wawili: mimi na Nyaboke.

Sote wawili tulisomea uuguzi asubuhi, na mchana tulifanya kazi katika nyumba ya wazee, kuogesha, kulisha, kugeuza kitandani. Hatukuwa na gari wala leseni. Mwenyeji alipotushawishi tuhamie kwake alitumia maneno yaleyale ambayo nadhani na yeye aliuziwa nyumba kwayo: kimya, na basi mlangoni. Na kweli. Steji ilikuwa pale kwenye kona, nyumba nne tu kutoka kwetu. Upande mmoja basi lilitupeleka mjini tukabadilisha la chuoni, upande wa pili lilitushusha mbele ya nyumba ya wazee. Hesabu yetu ilikuwa fupi: bila basi hakuna kazi, bila kazi hakuna karo, na bila karo hakuna viza. Nyaboke alikuwa akisema kwamba maisha yake yote yamesimama kwenye nguzo moja yenye kibao cha basi.

Sasa nianze na mazuri yake, nisije nikaambiwa ninamwonea. Nilipotua uwanja wa ndege mwezi wa Januari nikiwa na sweta la shule, alikuwa amesimama pale na koti la mwanamke alilolinunua kwa kunikadiria, likanifika magotini. Nyaboke alipoumwa jino alikaa naye kwa daktari siku nzima. Jumamosi alipika ugali wa sufuria kubwa na sukumawiki ambayo kwa kweli haikuwa sukumawiki, na hakuna aliyefika mlangoni pake akaondoka bila kula. Hata yule kijana wa kupeleka vifurushi aliwahi kukalishwa mezani. Mgeni akikataa chakula, Mwenyeji aliumia uso mzima, nawe ukala hata kama umeshiba.

Lakini mtu huyohuyo, akifungua mlango wa nje, aligeuka. Sauti ilishuka, mabega yakabana. Alikuwa na neno lake moja alilotuambia kila siku ya Mungu: msiwape sababu. Msikaange samaki madirisha yakiwa wazi, msiwape sababu. Msicheke barazani. Msianike nguo nje. Msiongee Kiswahili kwa sauti mkishuka kwenye basi, watadhani mnagombana. Ungemuuliza sababu ya nini, na akina nani hao, angekutazama kwa huruma, kama mtu mzima anavyomtazama mtoto aliyeuliza kifo ni nini.

Majani ya uwanja wake aliyakata akiwa amevaa tai. Sitii chumvi. Akirudi kazini alitoa koti, akabaki na shati na tai, akasukuma mashine yake kwenda na kurudi hadi uwanja ukanyooka. Nilimuuliza kwa nini asivae fulana kama jirani wa kando. Akasema jirani wa kando akivaa fulana ni mwenye nyumba, yeye akivaa fulana ni mtu aliyekodishwa kukata majani. Nilicheka. Yeye hakucheka.

Theluji ikianguka, aliamka alfajiri akazoa ya majirani wanne kabla ya kugusa ya kwake. Hakuna aliyemwomba. Mmoja wao, bibi mjane wa nyumba ya kona, karibu kabisa na steji, alimletea biskuti kila Krismasi katika mkebe wa bati, na mikebe hiyo yote Mwenyeji aliipanga juu ya kabati la jikoni. Nilihesabu kumi na mmoja. Miaka kumi na mmoja ya biskuti, na yule bibi hakuwahi kukanyaga sebule yetu wala Mwenyeji yake. Akiipokea alisema asante mara tatu, naye bibi alirudi kwake akipita kwenye njia iliyosafishwa na Mwenyeji.

Na kuna hili, ambalo nikilikumbuka hasira hupungua kidogo halafu hurudi kwa nguvu. Alipenda sana muziki wa rumba. Alikuwa na santuri za kutosha kufungulia baa. Lakini kuupiga ukasikika nje, hata kidogo. Alinunua visikizio vya masikioni vyenye waya mrefu, na Jumapili mchana ukipanda ngazi ghafla ungemkuta sebuleni peke yake, macho amefumba, anacheza kiuno chote na nyumba imenyamaza kabisa. Unasikia soksi zake tu zikikwaruza zulia. Mara ya kwanza mimi na Nyaboke tulirudi chini tukaanguka kitandani kwa kicheko. Mara ya pili hatukucheka.

Sasa nije kwenye steji, na hapa lazima nikiri kwamba kosa la kwanza lilikuwa letu. Kwetu mgeni haagwi mlangoni. Mgeni anasindikizwa. Jumapili wenzetu walikuja kutoka kanisani Brooklyn Center, wakala, wakanywa chai, na wakati wa kuondoka sote tulitoka nao mpaka steji, watu sita, saba, kumsindikiza mmoja au wawili. Na kila mtu anajua mazungumzo matamu huanza wakati wa kuagana. Basi lilifika, dereva akafungua mlango, na habari haijaisha. Tunampungia aende, tutapanda lijalo. Lijalo ni baada ya saa nzima. Tulisimama pale tukipiga soga, wengine wakiambatana na mgeni hadi kona ya pili kisha mgeni naye akawarudisha nusu njia, kama inavyofanyika tangu tuzaliwe. Hata baridi haikutuzuia.

Mwenyeji alitukataza. Alisimama nyuma ya pazia akitutazama, tukirudi anatukemea: mgeni ana miguu, anaijua steji, muageni sebuleni. Tulimwona mtu aliyesahau adabu. Nyaboke alimjibu mara moja kwamba mgeni wake hatamfukuza kama paka, na Mzee, ndivyo tulivyomwita ana kwa ana, akarudi kulivuta pazia lake. Nasema haya ili ieleweke kwamba alituonya. Nampa hilo. Lingine simpi.

Mwaka wa tatu, mwezi wa Oktoba, kibao cha tangazo kilibandikwa kwenye nguzo ya steji. Kilisema halmashauri inafikiria kuihamishia steji kwenye barabara kuu, kwa ombi la wakazi, na kwamba kutakuwa na kikao cha kusikiliza maoni. Barabara kuu ilikuwa mbali, mwendo wa dakika arobaini kwa miguu, na sehemu kubwa ya njia haikuwa na mahali pa waendao kwa miguu. Basi la haraka la asubuhi, lile la watu wa ofisini wanaoacha magari kwenye maegesho, lisingeguswa. Ndilo alilopanda Mwenyeji. La kwetu, la mchana na la Jumapili, ndilo lililokuwa likiondolewa.

Nyaboke ndiye aliyekwenda kwenye ofisi za mji kuomba kuisoma hiyo petisheni, lile ombi lenyewe lenye sahihi za wakazi. Akarudi akakaa kitandani na koti lake. Akaniambia imeandikwa kwamba watu wasiojulikana hukusanyika kwenye steji kwa muda mrefu bila kupanda basi, na wakazi wana wasiwasi kuhusu usalama. Nikaanza kucheka kwa hasira, nikamwambia twende tukawaeleze, ni jambo la dakika moja, Mzee atatusemea, anawajua wote. Nyaboke akasema sahihi ya tatu kutoka juu ni ya Mzee. Mwandiko ule wa mchoraji, herufi zimesimama wima, huwezi kuusahau.

Sikuamini. Nikajiambia kuna maelezo. Hata siku ya kikao, jioni ile, nilivaa nguo ya kanisani nikaenda nikiwa na matumaini, kwa sababu Mwenyeji naye alikuja, ametoka kazini, na nilijua anaujua ukweli. Katika chumba kile kizima cha watu arobaini, yeye peke yake angeweza kusimama akasema kwa Kiingereza chake kizuri: hawa ni wapangaji wangu, ni wanafunzi, kwao mgeni husindikizwa. Sentensi moja. Mimi nilisimama nikajaribu, Kiingereza kikanikimbia, nikasema tu kwamba tunahitaji basi kwa ajili ya kazi. Wakanishukuru.

Halafu mwenyekiti, mwanamke mpole sana, simlaumu hata kidogo, akamgeukia Mwenyeji akamuuliza kama yeye, kama mkazi wa siku nyingi, anaweza kuwasaidia kuelewa wale watu huwa wanafanya nini pale steji. Chumba kizima kikamtazama. Nyaboke alikuwa ameketi nyuma yake, viti viwili tu. Mwenyeji alisimama, akafunga kifungo cha koti.

"Siwajui vizuri," alisema. "Ni vijana. Huja na kuondoka."

Akakaa. Mimi nilikuwa nimemwoshea sahani za chakula chake usiku uliotangulia. Nyaboke alikuwa amemshonea kifungo hicho alichokifunga.

Tulirudi naye katika gari lake kwa sababu hakukuwa na njia nyingine ya kurudi. Nyumbani akaweka sufuria ya chai jikoni kama kawaida. Nilimfuata, nikamuuliza kwa nini. Nilikuwa na hasira hadi nikasahau kumwita Mzee. Alisema steji ingeondoka tu, hata kama yeye asingesaini, sahihi zilikuwa zimeshatimia. Alisema mtu akiletewa karatasi na jirani yake mlangoni hawezi kuwa yeye peke yake anayekataa. Kisha akasema anaishi hapa, sisi tutahitimu twende zetu, yeye atabaki nao. Nikamwambia hao hawajawahi hata kunywa maji yako. Akanimiminia chai, nikaiacha mezani.

Steji iliondolewa kabla ya Krismasi. Walikuja wanaume wawili na gari, wakang'oa nguzo na kibao chake, wakaziba shimo, kazi ya nusu saa. Mimi nilipata bahati: mwenzangu wa kazini mwenye gari alikuwa akipita karibu, zamu zetu zililingana. Zamu ya Nyaboke haikulingana na ya yeyote. Asubuhi Mwenyeji alimpeleka chuoni siku alizoweza, ukweli usemwe, lakini mchana yeye yuko ofisini. Kwa hiyo Nyaboke alitembea. Januari, Februari, kando ya magari, kwenye theluji iliyosukumwa pembeni ikawa ukuta, na akifika barabara kuu basi limepita. Alichelewa mara ya kwanza akaonywa, mara ya pili akaandikiwa barua, mara ya tatu wakamwachisha kazi. Alitafuta kazi kila mahali ambapo miguu ingemfikisha, na katika mtaa uliotulia hakuna kazi mahali ambapo miguu inakufikisha. Muhula ulipofunguliwa hakuwa na karo ya kujiandikisha. Bila kujiandikisha, viza ikafa. Alibakiza mihula miwili awe muuguzi.

Na nani alimpeleka uwanja wa ndege? Mwenyeji. Amevaa tai. Alibeba masanduku yote mawili mwenyewe, akanikataza nisiyaguse, na pale kwenye foleni akalia waziwazi mbele za watu, yeye ambaye hakukohoa barazani. Nyaboke akampa mkono, akainama kidogo kama inavyompasa binti mbele ya mzee. Mimi nilitamani kumpiga teke. Sikujua, na mpaka leo sijui, ni nani aliyempa ruhusa ya kulia.

Nilihama mwezi uliofuata. Nikamaliza chuo, nikapata kazi hospitalini Coon Rapids, nikajifunza kuendesha gari nikiwa na hasira na kila taa nyekundu. Habari zake nilizisikia kwa watu tu, kwamba ameuza nyumba, kwamba anaishi kwa mwanawe. Sikuuliza zaidi. Nilikuwa nimeyaweka maneno yangu tayari, nimeyapanga miaka mitano, nikiosha vyombo nayarudia, na nilijua Mungu atanikutanisha naye siku moja nimtapikie yote.

Alinikutanisha naye Novemba moja, mwishoni mwa miaka ya tisini, mahali ambapo hakuna anayejiandaa kumtapikia mtu: chumba cha kungojea cha mafundi wa magurudumu, Coon Rapids, msimu ambao kila mtu anabadilisha tairi kwa ajili ya theluji. Alikuwa amekonda. Ameshika kikombe cha karatasi cha kahawa kwa mikono miwili. Alipoinua macho akaniona, uso ulimfunguka kwa furaha ya kweli, akaanza kuniuliza habari za nyumbani, za kazi, kama nimeolewa. Nilimjibu kwa kifupi. Kisha nikasema.

"Mzee, ulisaini ile karatasi. Halafu ukasimama mbele za watu ukasema hutujui."

"Ndiyo," akasema.

Nilikuwa nimejiandaa kwa visingizio, si kwa neno hilo. Yeye akaendelea, sauti ileile ya barazani ingawa chumba kilikuwa na televisheni inayopiga kelele. Aliniambia kwamba mwaka uliofuata, baada ya Nyaboke kuondoka, yule jirani aliyeleta karatasi ya kwanza alirudi Jumamosi moja na ubao wake na kalamu. Safari hii walikuwa wanaiomba halmashauri ipige marufuku nyumba zinazopangishwa vyumba kwa watu wasio wa familia moja. Ilieleza kwamba ipo nyumba ya namna hiyo katika barabara hiyo, na wakazi wamechoka. Katika barabara ile nzima nyumba ya namna hiyo ilikuwa moja.

Nikamuuliza kama yule jirani alijua ni nyumba ya nani. Akasema hana hakika, jirani alikuwa anatabasamu tu, anamuulizia afya yake.

"Na wewe ulijua?"

"Mstari wa pili tu, nikajua."

"Ukafanya nini?"

"Nikasaini," Mwenyeji akasema. "Nikamkaribisha chai. Akasema hawezi, ana nyumba nyingine za kupitia."

Alisema hayo bila kujihurumia, kama anayesoma kipimo kwenye mchoro. Nikamuuliza kwa nini, Mzee, kwa nini, nyumba yako mwenyewe. Akasema mtu alikuwa amesimama mlangoni kwake kwa adabu, na yeye aliona haya kumwambia kwamba ni yeye.

Yale maneno yangu yote ya miaka mitano niliyatafuta, sikuyaona. Nilihisi huruma inapanda, na nikaikasirikia hiyo huruma, kwa sababu wakati huo Nyaboke alikuwa Kisii akifundisha chekechea, na barua yake ya mwisho iliuliza kama rekodi zake za masomo bado zimehifadhiwa chuoni.

"Yule wa karatasi ulimwonea haya," nikamwambia. "Mbona Nyaboke hukumwonea haya?"

Mwenyeji alifungua kinywa. Nilimngojea. Fundi aliita jina langu, nami niliendelea kumngojea, na alipoliita mara ya pili mzee bado alikuwa ananitazama. Nikachukua ufunguo wangu nikatoka bila kumpa mkono wala kumuaga. Kwetu mtu haondoki hivyo mbele ya mzee, na sisi wawili tulilijua hilo vizuri.